Mfuate Lava: Mwongozo wa Kuchunguza Makuzi ya Banakeli Waishio Ndani ya Kaa

Ukimpindua kaa aliyeambukizwa Sacculina utaona kifuko laini cha njano kimebanwa kati ya tumbo na mkia wake uliokunjwa. Kitazame utakavyo, hutapata miguu, kichwa, macho, mdomo wala gamba. Ukimpasua kaa utakuta kifuko kile kina mizizi iliyotambaa mwilini mwote, ikauzunguka utumbo na kufika hadi kwenye miguu. Hakuna chochote katika umbo hilo kinachoonyesha kwamba huyo ni ndugu wa kaa mwenyewe, na ndugu wa karibu zaidi wa wale wanyama wenye magamba meupe makali wanaoganda kwenye miamba, nguzo za gati na matumbo ya majahazi. Hao nitawaita banakeli.

Aliyeugundua ukoo huo ni John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyeishi Cork, Ireland. Mwaka 1830 alionyesha kwamba banakeli wa kawaida ni jamii moja na kaa na kamba, wakati wataalamu wengi wakiwaweka pamoja na chaza na konokono. Mwaka 1836 akaeleza habari za Sacculina. Mara zote mbili ushahidi wake ulikuwa lava. Mnyama mzima alificha asili yake, mtoto akaitaja.

Shikilia somo hilo tangu mwanzo. Vimelea hawa, wanaopita spishi 250 duniani, hawaeleweki kwa kuwatazama wakubwa tu. Wao ni nani, wanaingiaje mwilini mwa kaa, na dume yuko wapi: maswali hayo yote yalijibiwa na watu waliokuwa na subira ya kumfuata lava hatua kwa hatua. Kwa hadubini ya kawaida, maji safi ya bahari na wiki moja ya utulivu, sehemu kubwa ya safari hiyo utaiona kwa macho yako.

Anza na spishi moja

Usianze kwa kukusanya kila kaa mwenye uvimbe. Chagua spishi moja inayojulikana vizuri, uimalize. Katika mwongozo huu tunamfuata Sacculina carcini, anayeishi ndani ya Carcinus maenas, kaa mdogo wa kijani aliyejaa kwenye fukwe za Uingereza, Ufaransa, Denmark na majirani zao. Ndiye aliyechunguzwa kuliko wenzake wote, kwa hiyo kila utakachokiona utaweza kukipima na kilichokwisha kuandikwa. Kama unasoma au kufundisha karibu na fukwe hizo, una bahati: kaa wenyewe hupatikana maji yanapokupwa, chini ya mawe na mwani. Uliza kwanza kama ufuo huo unahitaji kibali cha kukusanya wanyama.

Ukiwa kwingine, hatua ni zilezile, ila muda na viwango vya joto vitabadilika kulingana na spishi ya kwako.

Mkague kaa

Mshike kaa kwa nyuma, mpindue, kisha uufunue mkia taratibu kwa kibanio butu. Kabla ya kuamua kwamba umepata kimelea, tafuta mambo matatu.

Kwanza, uso wa kifuko. Mayai ya kaa jike ni punje ndogo nyingi zilizoshikana kwenye vijiguu vya mkia, na ukizigusa utahisi chembechembe. Kifuko cha Sacculina ni kimoja, laini, chenye ngozi nzima. Pili, mahali kiliposhikia. Kifuko kimeshikizwa kwa kikonyo kimoja kifupi katikati ya upande wa ndani wa mkia. Tatu, tundu. Kifuko kilichokomaa kina tundu dogo linalofunguka na kufumba, ambamo maji huingia na lava hutokea.

Usishangae kukuta kifuko kwa kaa dume. Kimelea humhasi kaa wa jinsia yoyote, na dume aliyeambukizwa hupanuka mkia ukakaribia umbo la mkia wa jike. Huanza hata kukitunza kifuko kama jike atunzavyo mayai yake, akikisafisha na kukipigia maji. Kaa huyo pia haambui tena gamba wala hakui. Ndiyo sababu mara nyingi utamkuta gamba lake limeota viumbe vingine.

Rangi ya kifuko itakusaidia kukadiria muda. Kifuko kichanga huwa cheupe au cha njano iliyofifia. Kadiri viinitete vinavyokomaa ndani yake, rangi hukolea na kuelekea kahawia. Mchague kaa mwenye kifuko kilichokolea. Huyo yuko karibu kuzaa.

Andaa vifaa

Huhitaji maabara ya kifahari. Tafuta ndoo mbili au tatu zenye mifuniko, pampu ndogo ya hewa, bakuli za kioo za ujazo wa nusu lita hivi, pipeti zenye mdomo mpana, chujio la nailoni la matundu madogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, kipimajoto, kipimo cha chumvi, na hadubini. Iwe ya kukuza mara 40 hadi mara 100 kwa kutazama umbo, na mara 400 ukitaka kuona vinywele.

Maji ndiyo roho ya kazi hii. Tumia maji ya bahari safi yaliyochujwa, yenye chumvi ya sehemu 30 hadi 35 kwa elfu, na uyaache yafikie joto la chumba cha kazi kabla ya kumweka mnyama yeyote. Nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi zinamfaa Sacculina carcini. Lililo muhimu zaidi ni joto na chumvi visipande na kushuka. Lava wengi hufa kwa mabadiliko ya ghafla.

Usitumie chombo kilichowahi kuoshwa kwa sabuni au kutiwa dawa. Tenga vyombo vya lava, viandike kwa kalamu isiyofutika, na uvisuuze kwa maji ya moto matupu.

Wapate lava

Mweke kila kaa peke yake kwenye ndoo yenye maji safi na pampu ya hewa. Mlishe kipande kidogo cha samaki, uondoe mabaki baada ya saa moja ili maji yasioze. Kisha mtazame asubuhi na jioni.

Saa ya kuzaa inapofika, kaa hujiinua juu ya miguu yake, hufungua mkia na kuupeperusha, huku akiyumbisha mwili. Hivyo ndivyo jike mzima afanyavyo anapoachia watoto wake, na sasa kaa anawafanyia watoto wa kimelea. Dume naye hufanya vivyo hivyo, ingawa katika maisha yake hakupaswa kuzaa kamwe. Maji yatageuka kama yametiwa vumbi. Chota kidogo kwenye kioo cha saa, uweke chini ya hadubini: ukiona pembetatu ndogo zinazorukaruka, umewapata.

Mwondoe kaa mara moja. Weka taa upande mmoja wa ndoo. Lava wa Sacculina mara nyingi huifuata nuru, kwa hiyo baada ya dakika chache watajazana upande ule na utawanyonya kwa pipeti, ukiacha nyuma uchafu na waliokufa. Wahamishie kwenye bakuli za maji safi. Wasibanane: ukiona wanagongana chini ya hadubini, wagawe tena.

Baada ya kuzaa, kifuko hujivua utando wake wa ndani, ukatoka kupitia tundu kama kipande cha ngozi nyembamba. Anayeanza hudhani kimelea kimekufa au lava wameoza. Sivyo. Kifuko kinajiandaa kwa kizazi kingine, na katika msimu mmoja kinaweza kuzaa mara kadhaa. Usimtupe kaa huyo.

Hatua ya kwanza: nauplio

Lava anayeogelea kwa jozi tatu za viungo huitwa nauplio. Ana urefu wa karibu robo ya milimita, mwili wa umbo la peasi, na jicho moja jeusi katikati ya paji. Tafuta sasa pembe mbili, moja kila upande wa kichwa, zilizoelekea pembeni. Alama hiyo ni ya ukoo wa banakeli peke yao. Nauplio wa kamba au wa kopepodi hana pembe hizo. Ukiziona, umekwisha kuthibitisha mwenyewe alichokithibitisha Thompson.

Kisha tafuta kisichokuwepo. Nauplio wa banakeli wa miambani ana mdomo na utumbo, naye hula mimea midogo ya baharini. Nauplio wa Sacculina hana mdomo wala utumbo. Anaishi kwa kiini alichopewa na mama. Maana yake kwako ni mbili. Ukichota maji ya bahari yaliyojaa lava mchanganyiko, utaweza kuwatenga wa vimelea na wa miambani kwa kutafuta utumbo tu. Na katika bakuli lako, usiwape chakula. Mwani wowote utakaotia utaoza, bakteria watazaliana, na lava watakufa. Wengi wanaoshindwa kuwakuza lava hawa hushindwa kwa huruma ya kutaka kuwalisha.

Kila siku, kwa saa ileile, badilisha maji: wanyonye wanaoogelea, waweke kwenye bakuli jipya, mwaga la zamani kwa utaratibu nitakaoueleza mwishoni. Toa lava watano, uwachore, uwapime. Chora hata kama una kamera, kwa sababu mkono unaochora hulazimisha jicho kuhesabu vinywele. Sacculina carcini hupita hatua nne za nauplio, akiambua ngozi kila mara. Mwili huongezeka vinywele, ncha ya nyuma hurefuka, na siku za mwisho utaona kwa ndani vivuli vya miguu mipya inayojengeka. Kwa joto nililotaja, hatua zote nne huchukua takriban siku nne hadi tano. Loxothylacus panopaei, kimelea wa kaa wadogo wa pwani ya mashariki ya Marekani, akiwa katika maji ya uvuguvugu humaliza ndani ya siku mbili au tatu.

Si kila spishi itafanana na kielelezo hiki. Nauplio wa jamii ya Peltogaster na Briarosaccus huwa na utando mwembamba uliovimba kuwazunguka, unaowasaidia kuelea. Ziko pia spishi ambazo kiinitete huipita hatua ya nauplio akiwa bado ndani ya kifuko, akatoka akiwa tayari katika hatua inayofuata. Ukikosa nauplio kabisa, usiharakishe kusema umekosea. Huenda spishi yako ni ya kundi hilo.

Hatua ya pili: sipri

Asubuhi moja utakuta waliokuwa pembetatu wamekuwa na umbo la punje ya mchele, wamefungwa ndani ya gamba la pande mbili. Huyu ni sipri. Nyuma ana jozi sita za miguu ya kuogelea, mbele ana jozi moja ya papasi. Naye hali. Kazi yake ni moja, kutafuta pa kushika, na akiba yake ya nguvu inahesabika kwa siku.

Mweke mmoja kwenye tone la maji, umtazame papasi zake bila kuharakisha. Kwa papasi hizo hutembea, huonja, na mwisho hujigandisha. Juu yake pana vinywele laini vyembamba vya kunusia kemikali, na hapo ndipo jinsia zinapotofautiana: sipri dume huwa mkubwa kidogo kuliko jike, na vinywele vyake vya kunusia ni vikubwa zaidi. Kwa macho ya kawaida hutaona tofauti. Pima urefu wa lava 50 wa kizazi kimoja, uandike vipimo kwa mpangilio, na huenda makundi mawili yakajitokeza kwenye karatasi. Zoezi hili nalipendekeza kwa kila mwalimu. Wanafunzi wataona jinsia ya mnyama ikifichuka kutoka kwenye orodha ya namba.

Kuanzia hapa njia za jike na dume zinaachana.

Njia ya jike: kuingia mwilini

Jike hutafuta kaa. Akimpata, hujigandisha, mara nyingi kwenye shina la unywele wa gamba. Huko huzivua sehemu zote zisizohitajika, miguu na gamba vikaanguka, kikabaki kijifuko kidogo chenye sindano iliyo tupu ndani. Hatua hii huitwa kentrogoni. Mfaransa Yves Delage aliieleza mwaka 1884, baada ya kazi ya uvumilivu katika kituo cha bahari cha Roscoff. Sindano hutoboa gamba la kaa, na kupitia tundu lake kimelea huingia damuni.

Kinachoingia ni nini? Jibu lilikamilika mwaka 1995, Henrik Glenner na Jens Høeg walipoonyesha kwa Loxothylacus panopaei kwamba kinachodungwa ni kijinyoo kidogo cha seli chache kinachoweza kujisogeza, vemigoni. Mnyama aliyekuwa na miguu, jicho na gamba amepunguzwa hadi kuwa kile kinachoweza kupita ndani ya sindano. Kutoka hapo huota mizizi, hukua kimyakimya kwa miezi mingi, na siku moja hutoboa chini ya mkia kifuko kipya.

Ukitaka kuiona kentrogoni, mweke kaa mchanga mwenye afya, aliyetoka ufuo uleule, kwenye bakuli la sipri kwa saa chache, kisha mhamishie maji safi. Kesho yake kata nywele chache za miguu kwa mkasi mdogo, uzitazame chini ya hadubini kwa kukuza mara 100. Rudia kwa siku tatu. Wengi watakuwa wameshindwa au wamesafishwa na kaa mwenyewe, kwa hiyo usikate tamaa kwa nywele tupu. Kumbuka pia kwamba huyo kaa sasa anaweza kuwa mgonjwa wa maisha. Tumia mmoja au wawili, na usimrudishe baharini.

Njia ya dume: kuingia kifukoni

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kila Sacculina ni huntha, mwenye viungo vya kiume na vya kike pamoja, kwa sababu ndani ya kifuko kimoja walikuta mayai na mbegu za kiume. Baadaye Ryuzo Yanagimachi wa Japani, akichunguza Peltogasterella gracilis, alionyesha kwamba zile zilizodhaniwa kuwa korodani ni madume wengine kabisa walioingia wakiwa lava.

Sipri dume hatafuti kaa. Anatafuta kifuko kichanga cha jike, hujigandisha kwenye tundu lake, kisha hupitisha kupitia papasi yake kijimwili chenye miiba kiitwacho trikogoni. Hiki hutambaa hadi kwenye moja ya vyumba viwili vilivyoandaliwa, hujivua ngozi yake yenye miiba, na ngozi hiyo huziba mlango nyuma yake. Vyumba ni viwili, basi madume ni wawili tu, nao huishi humo wakitoa mbegu maisha yao yote. Kifuko kisichompata dume hakikomai. Hudhoofika na kufa.

Ukipata kaa mwenye kifuko kidogo cheupe, kitazame tundu lake chini ya hadubini ya kukuza kidogo. Mara nyingi utakuta maganda matupu ya sipri yamening'inia pembeni. Yahesabu na uyaandike. Hiyo ni alama ya ndoa ambayo kaa wa ufuoni atakuonyesha bila wewe kumfanyia lolote.

Mwaga maji kwa uangalifu

Sheria hii haina ubaguzi: lava wako wasifike kamwe kwenye maji ambayo hawakutoka. Kila maji unayoyabadilisha, yachemshe au uyatie dawa ya klorini yakae usiku kucha kabla ya kuyamwaga. Chujio na pipeti vivyo hivyo.

Sababu zipo. Katika miaka ya 1960 Loxothylacus panopaei alifika ghuba ya Chesapeake, Marekani, pamoja na chaza waliohamishwa kutoka ghuba ya Mexico, akaanza kuhasi kaa wadogo wasiowahi kumjua. Kisha, watu walipofikiria kumtumia Sacculina carcini kupunguza kaa wa kijani waliovamia California, watafiti walimjaribu kwanza maabara. Matokeo yaliyotoka mwaka 2005 yalionyesha kwamba lava hawakuchagua. Walijigandisha kwa kaa wenyeji wa California pia, wakawaingia, na kaa hao wakafa ingawa kimelea hakikufanikiwa kukomaa ndani yao. Mpango wa kumwachia Sacculina ukaonekana wazi kuwa wa hatari.

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki

Scylla serrata, kaa wa mikoko tunayemnenepesha kwenye vizimba kuanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania, amekutwa kaskazini mwa Australia akiwa na kimelea wa kundi hili, Loxothylacus ihlei. Kwa hiyo mfugaji ana sababu ya kufunua mkia wa kila kaa kabla ya kumtia kizimbani. Kaa mwenye kifuko hafai kwa mbegu, na kumlisha ni kupoteza chakula. Asitupwe tena mtoni akiwa hai. Mwenye kifuko ambacho hajakifahamu amweke kwenye pombe kali ya maabara au kwenye barafu, aandike mahali, tarehe, jinsia na upana wa gamba, kisha awapelekee wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar au taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya iliyoko Mombasa.

Kama wewe ni mwanafunzi wa sayansi za bahari na kaa huyo amekufikia akiwa hai, sasa unajua la kufanya. Usikimbilie kisu. Mpe maji safi, msubiri azae, kisha hesabu hatua za nauplio, pima sipri, uchore kila siku. Michoro ya lava iliyopangwa kwa siku na kwa joto la maji ndiyo itakayomwezesha mtaalamu yeyote duniani kuitambua spishi yako, kama Thompson alivyoweza. Kifuko peke yake hakitamwambia.